Madume Kumi wa Kokuberwa

Tangu asubuhi Kokuberwa hakukalika. Nyuma ya nyumba ya baba yake, huko Ijuganyondo, yalipangwa mabeseni kumi, kila moja na kaa dume aliyevuliwa katika kijito cha Kimwani, Muleba. Kwa wiki tatu, watano walikuwa wakilishwa chakula chenye homoni, wenzao chakula kitupu. Siku hiyo kila dume angeletewa jike.

Kokuberwa aliamini homoni ile huamsha hamu ya dume kujamiiana. Lakini mwalimu wake wa chuo alikuwa amemwonya: "Ukijua nani kala nini, utaona unachotaka kuona." Ndiyo maana kazi ya kulisha alimwachia baba yake, mzee Kaijage, mkulima wa kahawa. Orodha ya waliopewa homoni ilikuwa mfukoni mwa mzee.

"Tata, tazama kule migombani," Kokuberwa alimwambia. "Uso wako utanipa majibu."

Mzee akacheka, akageuka.

Dume wa kwanza hakumjali jike. Wa pili alijibanza pembeni. Wa tatu, mdogo kuliko wote, tena mwenye gando moja tu, akainuka juu ya miguu yake, akamfuata jike, akamkumbatia chini ya tumbo lake asimwachie.

"Tata! Kamshika!"

"Nigeuke?"

"Bado, bado!"

Akaandika haraka. Wa nne naye akakumbatia, na wa sita, na wa saba. Wa tisa akazungukazunguka mpaka Kokuberwa akakata tamaa; ghafla naye akakumbatia. Wengine hawakujishughulisha.

"Haya, Tata. Soma."

Mzee akakunjua karatasi, akasoma polepole mno, makusudi. "Waliokula dawa yako: wa tatu… wa nne… wa sita… wa tisa… na wa kumi."

Wanne kati ya watano! Wa saba alikumbatia bila homoni, wa kumi akaila asifanye lolote, na yote hayo Kokuberwa aliyaandika vilevile. Kisha akamrukia baba yake shingoni, nusura wapindue beseni.

Mwalimu alipigiwa simu, akasomewa matokeo ya kila dume. "Kumi ni wachache," akasema. "Rudia kwa hamsini." Halafu sauti ikabadilika. "Lakini Kokuberwa, hebu nisimulie huyo mwenye gando moja."

Akasimulia kwa pumzi moja, huku mzee, aliyekwisha kusimuliwa mara mbili, akidakia kila alipoona ameruka jambo.