Machozi ya Krijn Hage Mbele ya Wazee

Katika kanisa la kijiji cha Poortkerke watu mia nane walijaa kila Jumapili, na waliothubutu kuikaribia Meza ya Bwana walikuwa sita. Mkate ulikatwa wa kuwatosha sita tu, na bado mjane Tannetje aliupokea kwa ncha za vidole kana kwamba anauiba. Wengine wote walibaki kwenye mabenchi wakitazama. Si kwamba hawakuamini, waliamini mno. Mungu alikwisha kuwachagua watu wake kabla hajaiumba dunia, idadi yao imefungwa, na mtu akijipeleka mezani bila kuwa na hakika kwamba yumo, basi anakula hukumu yake mwenyewe. Na mwenye hakika je? Huyo ndiye walimshuku zaidi, maana kujiamini ni kiburi, na kiburi ni alama ya waliotupwa. Jaribu wewe kupenya hapo.

Krijn Hage, mkulima wa vitunguu, alikuwa akijaribu kupenya kwa miaka ishirini. Alitembea ameinamisha kichwa. Pasta alipoomba, Krijn aliugua kwa sauti mahali panapofaa, si mapema wala si kwa kuchelewa. Alikataa kukata bima ya mazao, kwa kuwa bima ni kumwekea Mungu mipaka, na mvua ya mawe ilipomharibia shamba zima alishukuru kwa sauti ambayo jirani angeweza kuisikia. Alichokingoja ni siku moja tu: siku ambayo wazee wa kanisa wangemjia na kumwambia, ndugu Hage, mbona hujongei mezani? Kwenda bila kuambiwa hakuthubutu. Watu wangesemaje?

Basi Jumapili moja ya Machi pasta aliwaalika wateule, wale sita wakaanza kujikongoja, na Leuntje, mke wa Krijn, akameza kipande cha peremende alichokuwa anamung'unya, akasimama. Krijn alidhani anaumwa, anatoka nje kupata hewa. Leuntje akapita katikati ya kanisa na kofia yake nyeupe, akaketi kando ya mjane Tannetje, akala, akanywa. Aliporudi alisema tu, "Sogea kidogo, Krijn."

Nyumbani alipasha viazi alivyomenya Jumamosi, maana Jumapili hakimenywi kitu, na Krijn akasimama nyuma yake.

"Umenifanyia nini, mke wangu?"

"Wewe? Nimekula mkate, sijakufanyia kitu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Pasta alisema aliyechoka aje. Nikajiangalia, nikaona nimechoka. Nikaenda."

"Miaka yote anasema hivyo hivyo!"

"Ndiyo. Nadhani sikuwa nasikiliza."

Kijiji kikapata la kuzungumza. Leuntje? Yule anayecheka mpaka watu wa ng'ambo ya mfereji wanamsikia? Krijn hakulala vizuri kwa wiki kadhaa. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukiangalia.

Meza huandaliwa mara nne tu kwa mwaka, na ile ya Juni ilipokaribia, wazee wa kanisa walianza kupita nyumba kwa nyumba, kama desturi, kuuliza kama kuna mwenye neno dhidi ya yeyote anayetaka kushiriki. Kwa Hage walifika Jumatano alasiri: mzee Quist, msemaji, na mzee Izak, ambaye kwa kawaida hasemi kitu. Walikaa na kofia zao nyeusi magotini. Leuntje akawamiminia kahawa.

"Mama Hage," Quist akaanza, "tueleze kuongoka kwako. Ilikuwa lini? Siku gani?"

"Sina tarehe, mzee Quist. Wewe unakumbuka saa uliyoanza kumpenda mkeo?"

Quist akakohoa, kwa kuwa mkewe alijulikana kijiji kizima kwa ukali. Akamgeukia Krijn.

"Ndugu Hage, mume ndiye anayemwona mtu akiwa nyumbani. Ukiwa na neno dhidi yake, liseme. Lako moja linatosha, hatajongea."

Maneno anayo, tele! Leuntje huimba nyimbo zisizo zaburi akiosha vyombo. Husinzia kwenye mahubiri ya pili. Alicheka kwenye mazishi ya mjomba. Lolote kati ya hayo lingemrudisha kwenye benchi kando ya mumewe. Na akinyamaza? Basi yeye amechukuliwa, na Krijn ameachwa. Miaka thelathini kitanda kimoja, kisha milele mbalimbali. Lakini alikumbuka mwaka wa mafuriko, Leuntje alipomwingiza nyumbani mama wa jirani waliyegombana naye miaka kumi na mmoja, akamwogesha na kumlisha mpaka alipokufa. Krijn wakati huo alikuwa ghorofani akiugua kwa ajili ya dhambi zake.

"Sina neno," alisema. "Ananizidi." Kisha akalia, kwa kwikwi kabisa, makamasi yakimtoka.

Wazee wakatazamana.

"Miaka ishirini tumekungoja, ndugu Hage," Quist akasema, akifuta macho. "Kule kuugua kwako, utusamehe, kulikuwa kumepigwa pasi mno. Lakini haya ni machozi ya kweli. Jumapili uje mezani."

Ndiyo maneno yaleyale aliyoyangoja. Yalimfikia wakati asioweza kuyapokea.

"Hapana, mzee. Huu ni wivu. Namwonea wivu mke wangu. Nilitaka kumchongea kwenu!"

"Msikie!" mzee Izak akasema, naye akifuta macho. "Nani angeuona uchafu kama huo ndani yake bila neema?"

"Ni wivu, nawaambia!" Krijn akapiga meza, vikombe vikaruka.

"Na bado anajishtaki," Quist akanong'ona. Wakaomba, wakavaa kofia, wakaondoka wamefarijika sana.

Kufika Jumapili hakuna asiyejua. Pasta alipowaalika wateule, mabenchi yote yakageuza shingo. Leuntje akasimama, akamnyooshea mumewe mkono.

"Twende."

"Siwezi," Krijn akanong'ona. "Wanadhani mimi ni mtakatifu."

"Mimi sidhani. Nimekufulia nguo miaka thelathini. Inuka, bwana."

Na kweli alitaka kuinuka. Miguu ilikwisha kujikaza. Ndipo nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema polepole, tazama anavyosita, huyo ndiye mteule hasa. Masikio ya Krijn yakawaka kwa raha. Akainamisha kichwa zaidi kidogo, akaugua, akabaki amekaa ili wamwone vizuri akisita.

Leuntje alingoja kadiri alivyoweza, kisha akaenda peke yake. Krijn alipoona sasa amesita vya kutosha na kuinua uso, mzee Quist alikuwa anakunja kitambaa cheupe cha meza.