Mkasi na Beti za Mwisho

Ndoto hii niliiota Jumamosi, baada ya adhuhuri, juu ya kochi la ofisini kwangu, viatu vikiwa bado miguuni. Naitaja saa kwa sababu mimi si mtu wa ndoto. Kazi yangu ni kufundisha arudhi, yaani sheria za vina na mizani, na katika somo hilo jambo ama linahesabika ama halipo. Lakini siku hiyo nilikuwa nimetoka kwenye kikao kilichonichoma, na niliyoyaona usingizini yalikuwa na mpangilio kuliko kikao chenyewe. Nayaandika kama yalivyokuja.

Kikao kilikuwa cha kuandaa kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afariki Profesa Hatibu Mgaza, mshairi, aliyefundisha fasihi chuoni kwetu kwa miaka thelathini na miwili. Mimi nilimpigia chapa mashairi yake yote, tangu nikiwa karani wa idara nisiye na shahada hadi nilipokuwa mhadhiri, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine yeyote na mwandiko wake. Miezi mitatu iliyopita Profesa Evarist Lihundu, aliyekuwa akimtembelea Mgaza kila Ijumaa katika ugonjwa wake wa mwisho kwa madafu na maneno matamu, alichapisha diwani ya mashairi arobaini kwa jina lake mwenyewe. Nilipoifungua niliyatambua yote arobaini, kazi za Mgaza ambazo hazikuwa zimechapishwa bado, kama mtu anavyozitambua nguo alizozifua kwa mkono. Watunzi wa jadi yetu hulitaja jina lao katika ubeti wa mwisho. Huo ndio muhuri wao, na Profesa Mgaza hakuiacha desturi hiyo hata mara moja. Alichofanya Lihundu ni kukata ubeti wa mwisho wa kila shairi. Hakutunga mwingine wa kuziba pengo, pengine hakuweza. Basi mashairi yote yanakoma ghafla, kama mgeni aliyefungiwa mlango usoni, na wahakiki magazetini wameliita jambo hilo mwisho wazi, mbinu mpya, ujasiri.

Kikaoni Lihundu alipewa hotuba kuu, mimi nikapewa dakika tano. Nilipouliza nizungumzie nini, alitabasamu kwa upole. “Dada Rukia, wewe ndiye uliyekuwa ukimpigia chapa,” alisema. “Tuletee hadithi za chai yake ya tangawizi, watu wacheke kidogo kabla ya chakula.” Wajumbe walianza kucheka palepale, bila kungoja kesho, siku ya kumbukumbu yenyewe. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na bahasha yenye beti arobaini za mwisho, kwa mwandiko wa Profesa, kila mmoja na tarehe yake. Nilikuwa nimeazimia kesho yake, mbele ya mjane wa marehemu na mkuu wa chuo na kamera zote, nimvue nguo mtu yule shairi baada ya shairi. Nilikwenda ofisini kuzipanga vizuri, nikajilaza kidogo, usingizi ukanichukua nikiwa nimeikumbatia bahasha.

Nikajiona nimesimama katika nchi tambarare, nyeupe, iliyochorwa mistari ya buluu kama daftari kubwa lisilo na ukurasa wa pili. Mwanamke mrefu alinijia akitembea juu ya mstari mmoja bila kuugusa mwingine. Gauni lake la kijivu lilikuwa limepigwa pasi, shingoni alivaa utepe wa fundi cherehani, na kiunoni alining'iniza mkasi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia anaitwa Kisasi na kwamba nilikuwa nimemwita miezi mitatu mfululizo. Nilikiri kuwa nilitarajia mtu mwenye macho mekundu na povu mdomoni. Akasema huyo ni mdogo wake, Hasira, ambaye huvunja vyombo halafu akaomba radhi. “Mimi naenda kwa vipimo,” alisema. “Kilichokatwa shibiri, nakata shibiri. Sizidishi, sipunguzi, wala sisamehe sentimita. Ukinifuata, usiniombe nikunje utepe njiani.” Nilimwambia kwamba maneno hayo nimeyangoja maisha yangu yote, na ilikuwa kweli.

Akaniongoza hadi Mji wa Sifa, ambao kuta zake zilijengwa kwa magazeti ya juzi na kusimama kwa nguvu za makofi tu; makofi yakilegea, ukuta unabonyea. Langoni alikaa Kijicho, mzee mwembamba ambaye jicho lake moja lilimpima kila anayeingia na la pili lilikuwa limegeukia ndani kuwatazama waliokwisha kuingia. Aliniona na mkoba wangu akauliza kama nimeleta vikombe, maana humo watu huingia na kalamu. Kisasi alimtazama tu, naye akajisogeza. Ndani, mwanamke mnene mwenye uso mwema, jina lake Sahau, alikuwa akifagia sakafu huku akiimba, na takataka zake alizisukumia kwenye mlango wa nyuma. Nilizitazama takataka zile. Zilikuwa beti.

Tulitokea kwenye bonde nyuma ya mji, na humo nikawaona wamesimama, viumbe vidogo vya mishororo minne minne, visivyo na shairi la kujiegemeza, kila kimoja kikilitaja jina la Mgaza kwa sauti ileile ya marehemu, ya kukwaruza kidogo, sauti iliyokuwa ikiniambia nirudie ukurasa mzima kwa sababu ya koma moja. Nilitandika kanga yangu nikawakusanya. Walikuwa arobaini. Niliwahesabu mara mbili. Kisasi akafungua mkasi, akaniwekea mkononi, akasema sasa nijue ninachokwenda kukata: aliyekata jina, hukatwa jina.

Lihundu alikuwa ukumbini, amekaa juu ya kiti kirefu, mashada shingoni, na watu walikuwa wakimlisha sifa kwa kijiko. Aliniona, akaniita dada, akaniuliza kama nimeleta ile chai. Nilipanda ngazi. Jina lake lilikuwa limemning'inia kifuani kama leso ya mtoto wa chekechea, limebanwa kwa pini, nami nilipolikata halikutoa damu, lilitoa sauti ndogo ya karatasi. Akafungua mdomo ajitaje na hakuna kilichotoka. Akamgeukia jirani yake, na jirani akamwuliza kwa adabu yeye ni nani na nani amemkalisha hapo. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyekunywa maji ya mtungi baada ya safari ndefu, na nilisimama pale zaidi ya ilivyohitajika ili niendelee kumwangalia akijipapasa kifua.

“Umemaliza?” Kisasi aliniuliza.

Nikasema nimemaliza. Akashuka, akaikunjua kanga yangu na kuinyooshea utepe wake. Akahesabu. Walikuwa arobaini na mmoja.

Yule wa ziada alikuwa mzee kuliko wengine, rangi yake imepauka kwa jua, na alipofungua kinywa haikutoka sauti ya Mgaza. Ilitoka sauti ya mwanamke wa Pangani, yenye kuvuta mwisho wa kila mshororo kama wafanyavyo wanawake waliozoea kughani uani, huku mikono inachambua mchele:

Tamati nimefikia, kalamu sikuishika,
Moyoni nalitungia, na kinywani likatoka,
Mwanamvua nawambia, wa Sefu ninatajika,
Atakayelirudia, jina langu hatazika.

Makofi yalilegea, na ukuta mmoja wa magazeti ukabonyea. Niliufahamu ubeti ule kabla haujafika mshororo wa pili. Ulikuwa wa mwisho katika shairi la kisima, shairi ambalo kila mwanafunzi wa nchi hii amelikariri, ambalo mimi mwenyewe nimelifundisha miaka kumi na minne kama kielelezo cha kazi bora ya Profesa Hatibu Mgaza. Kisasi alikwenda nyuma ya ukumbi, kwenye kiti cha pembeni, na hapo akasimama. Aliyekaa pale alikuwa Profesa mwenyewe, na koti lake la kahawia, na peni nyekundu mfukoni. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia bila kuinua macho.

“Rukia,” alisema, “shangazi yangu hakujua kusoma. Nani angemjua?”

“Ndiyo maana alilitaja jina lake, Profesa.”

“Nililitengeneza shairi lile. Nilisahihisha mizani.”

“Mizani ilikuwa kamili,” nilisema. “Niliihesabu mimi.”

Hapo ndipo aliponitazama, na hakuwa na hasira, alikuwa na ule uchovu wa mwalimu aliyeulizwa swali aliloliogopa kwa miaka. Kisasi alininyooshea mkasi kwa mara ya pili. Nikarudi nyuma. Nilimwambia huyu siye niliyemjia, huyu ni mwalimu wangu, alinitoa kwenye ukarani akanipa elimu, na yule mwingine ni mwizi wa wazi. Nikaomba apunguze kidogo, kwa mara hii tu.

“Ulinisikia tulipokutana,” alisema Kisasi. “Mimi silindi upande wa mtu. Huyu alikata ubeti mmoja wa mwanamke mmoja, na yule akakata arobaini za huyu. Alikuwa amejifunza kwa nani? Na kabla hujaniambia nimwache, utazame mkasi. Una matundu mawili. Gumba lake liliingia hili. Hili jingine liliingiwa na kidole cha nani?”

Niliuangalia mkono wangu wa kulia. Kwenye kidole cha kati palikuwa na alama ya duara, nyekundu, kama anayopata mtu aliyekata kitambaa kizito siku nzima. Profesa alifungua koti lake, akanipa kifua, akafumba macho. Ubeti wa Mwanamvua ulinishika vidole kwa mikono yake midogo ukauliza, kwa adabu ya watu wa kule, “Mjukuu wangu, mimi niende na nani?” Nikafungua mkasi, na mlio wake ndio ulioniamsha.

Ulikuwa mlio wa dirisha lililopigwa na upepo. Alasiri ilikuwa bado. Bahasha ilikuwa imeanguka sakafuni. Nilikaa kitambo nikijiambia kuwa ndoto si ushahidi, jambo ambalo bado naliamini, kisha nikafungua droo ya chini kabisa, kwa sababu mimi sijawahi kutupa karatasi. Nilichukua dakika ishirini kuipata. Ni karatasi ya mwaka wa pili wa ukarani wangu, niliyoipiga chapa kutoka kwenye kaseti ambayo Profesa alimrekodi shangazi yake. Naitambua kwa herufi K, ambayo kwenye mashine ile ilikuwa ikipanda juu ya wenzake. Beti kumi na mbili. Wa kumi na mbili umepigwa mstari kwa peni nyekundu, na pembeni, kwa mwandiko wake, pameandikwa: Huu uache, R., nitaandika wangu. Chini ya maneno hayo kuna tiki ndogo ya penseli. Ni tiki yangu. Niliiweka kila nilipomaliza kazi.

Sikulia, na sikumsamehe Lihundu. Niliielewa ndoto kwa namna ambayo ingemfaa mtu wa mizani. Nilikuwa nimemwita Kisasi nikidhani ni mtumishi wangu, ambaye ningemwelekeza kwa kidole kisha nimrudishe nyumbani. Tena nilikuwa nimekaribia kwenda jukwaani na bahasha iliyopungukiwa na ubeti mmoja, na Lihundu, ambaye alikaa Ijumaa nyingi kitandani kwa mgonjwa anayezungumza, huenda anaijua habari ya kisima. Angengoja nimalize, akatabasamu kwa upole, akaniuliza mbele ya kamera nani alipiga chapa shairi la shangazi.

Sasa hatapata nafasi hiyo. Nimeiweka karatasi ile juu kabisa ya bahasha. Kesho, nikipewa dakika zangu tano, nitaanza na ubeti wa Mwanamvua wa Sefu. Nitausoma wote, nimtaje aliyeukata, na niinue karatasi ili watu waione tiki, nami niseme ni ya nani. Mjane ataumia, na chuo kitanikasirikia, pengine kwa haki. Hiyo ni dakika moja na nusu. Baada ya hapo nitakuwa sina jina la kulinda, na zitakuwa zimebaki dakika tatu na nusu za kumsomea Profesa Evarist Lihundu.