Dakika ya Mia na Kumi na Tatu

Fransis Kasanda alikuwa na miaka ishirini na sita, kalamu mbili za wino, saa ya serikali yenye mkufu, na swali moja la kipumbavu ambalo hakulitunga yeye. Swali lenyewe lilipigwa chapa juu ya fomu: mvuvi wa mshipi hufurahia kuvua kwa muda gani kabla hajakinai? Chini yake kulikuwa na safu tatu. Ya kwanza, saa furaha ilipoanza. Ya pili, saa furaha ilipokwisha. Ya tatu, jumla ya dakika. Safu ya mvuvi kusema kwamba swali hili halina kichwa wala miguu haikuwapo.

Mwenye swali alikuwa mkubwa wa ofisi moja ya serikali pale mjini, Mwingereza mrefu ambaye makarani walimwita Bwana Saa, kwa kuwa hata ukimwambia umefiwa alitazama saa kwanza. Bwana Saa alishajiaminisha kwamba samaki ni haba sokoni kwa sababu wavuvi hukinai upesi wakarudi majumbani. Dawa alikuwa nayo tayari, nayo ni gramafoni. Ikijulikana dakika ambayo furaha ya mvuvi hukatika, gramafoni itapigwa ufukweni dakika hiyo hiyo, furaha itarudi, na samaki watajaa sokoni. Kilichobaki ni kuipata hiyo dakika.

Usicheke, maana Fransis hakucheka. Alikuwa karani wa muda, mwaka wa pili sasa, amepanga chumba Keko nyuma ya karakana ya seremala, anaamka na vumbi la mbao puani. Mkewe Eufrazia alikuwa kwao Tabora na mtoto. Katika barua ya mwisho aliandika kwamba mtoto ameanza kutembea, na kila mwanamume anayepita na baiskeli anamwita baba. Fransis aliisoma barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Bwana Saa alikuwa amemwambia wazi: akileta dakika ndani ya mwezi mmoja atathibitishwa kazini, na atapewa chumba cha kota ambamo mtu anaweza kumleta mkewe. Asipoileta, kazi ya muda itakuwa imefika muda wake.

Basi asubuhi ya kwanza akateremka Kurasini, ng'ambo ya magati, mahali mawe yanapoingia majini. Juu ya jiwe kubwa alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, shuka kiunoni, mshipi umezungushwa kidoleni, macho majini. Huyo ndiye Mwinjuma, Mzaramo wa hapo hapo, ambaye watu wote walisema hakuna amzidiye kwa kuvua. Fransis akaamkia, akajibiwa marahaba, akaulizwa kwao wapi.

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi," akasema Fransis, naye alisema kweli tupu, kama alivyofundishwa na mapadri.

Mwinjuma alimtazama kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani. Akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaivaa yeye. Kisha akafungua mkoba wa Fransis, akatoa boflo iliyokuwa chakula cha mchana, akaimega nusu na kuanza kutafuna. Fransis alifikiri moyoni kwamba watu wa pwani wana adabu zao za ajabu, akaiacha ipite, akafungua fomu.

Hapa ndipo usomi unapomtia mtu aibu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa. Atakuvua kofia, atakula chakula chako, atakudanganya mchana kweupe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Mtoto yeyote wa Tabora anayejua kuchunga mbuzi analijua hilo. Lakini Fransis alipelekwa bweni la misheni akiwa na miaka saba, akarudi akijua kugawanya kwa desimali na hamjui mtani wake. Utani aliusikia tu kwa mbali, kama jambo la wazee misibani.

Siku hiyo ya kwanza Mwinjuma alieleza, bila kuyaondoa macho majini, kwamba furaha yake imeanza saa moja na dakika nne, imekwisha saa mbili na robo, imerudi kidogo kuchukua kitu ilichosahau, kisha imeondoka tena. Fransis aliandika yote. Jioni alihangaika hadi akachora safu ya nne kwa rula, akaiita "marejeo."

Siku ya pili Mwinjuma alisema amekinai upande wa kushoto tu, kwa sababu sikio la upande huo ndilo linalosikia honi za meli. Siku ya tatu alisema amekinai nyumbani kabla hajatoka, ili asipoteze muda akifika. Siku ya nne aliomba furaha yake ipimwe akiwa amesimama. Siku ya tano mkewe, Tabu, alileta uji, akatoa ushahidi kwamba mumewe hukinai hata usingizini, na kwamba akikinai hivyo huwa anapiga teke. Fransis akamwuliza kwa heshima zote mateke mangapi kwa usiku. Tabu akageuza uso kuangalia ng'ambo, mabega yakimtikisika, akasema inategemea na mbalamwezi.

Watu walianza kuja. Wapakiaji wa bandarini walipita kabla ya zamu kusikiliza majibu ya siku. Wavuvi wengine waliacha ndoana zao zikielea. Fransis alifurahi kuona kazi yake inaheshimiwa. Kila siku alikula nusu boflo, na kila siku aliandika. Alipofikisha siku ishirini alijumlisha, akagawanya, akapata jibu lisilo na mkia: dakika mia na kumi na tatu.

Bwana Saa alilitazama jibu lile, akatazama saa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje nchini. Akasema Jumamosi atakwenda mwenyewe Kurasini na gramafoni. Mvuvi aanze saa moja kamili. Akiacha mshipi dakika ya mia na kumi na tatu, karatasi ya kuthibitishwa itasainiwa pale pale. Akiendelea kuvua, basi hesabu ni ya uongo, na karani mwongo hana kazi katika ofisi yake.

Fransis alitoka mbio hadi Kurasini kumpa Mwinjuma habari njema. Mwinjuma alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka hadi akaushika mshipi kwa meno ili apate mikono miwili ya kujishika mbavu.

"Mtani wangu wee," akasema. "Mnyamwezi anamjia Mzaramo na swali, anataka jibu la kweli? Kwani kwenu hamkufundwa?"

Ndipo yote yalipomrudia Fransis kwa pamoja: kofia, boflo, mateke, mbalamwezi. Alijiona mjinga tangu utosini hadi kwenye viatu. Alitaka kukasirika, akakumbuka kwamba hana ruhusa. Kwa kuwa hasira ilizuiwa, kilichotoka kilikuwa kilio. Aliketi juu ya jiwe akalia kweli, huku akieleza habari za kota, za Eufrazia, za mtoto anayeita baba kila mwenye baiskeli. Wapakiaji waliokuja kuchekeshwa wakaondoka mmoja mmoja wakitazama chini.

Mwinjuma aliivua ile kofia, akaipangusa, akamrudishia. Akamwuliza, sasa bila mzaha, kama hilo jibu la kweli bado analitaka. Fransis akaitikia kwa kichwa.

"Mie sijakinai hata siku moja," akasema Mwinjuma. "Tangu udogo wangu. Mshipi ukiwa kidoleni, kila dakika kuna kitu kinakuja au kimeshaondoka. Sasa hapo utakinai saa ngapi?"

Jibu zuri, na la kweli, na lingemfukuzisha Fransis kazi kabla ya adhuhuri. Mwinjuma aliliona hilo bila kuambiwa. Akasema utani una mpaka wake, na mtani anayekuvua kofia ndiye huyo huyo anayekuchimbia kaburi siku ukifa, kwa hiyo Jumamosi atakinai. Itabidi tu ajifunze. Siku tatu zilizobaki walizitumia kwa mazoezi. Fransis, ambaye alikuwa amekaa ofisini miaka miwili na alijua kukinai kwa ndani na nje, alimwonyesha namna ya kupiga miayo, namna ya kuegemea shavu, namna ya kuhesabu vidole vya miguu. Mwinjuma alikuwa mwanafunzi mzito. Kila akianza mwayo, samaki alidonoa, na mwayo ukageuka kuwa kicheko.

Jumamosi ikafika. Bwana Saa aliwekewa kiti cha turubai kivulini, na tarishi wa ofisi aliitua gramafoni juu ya sanduku. Watu walijaa hadi kwenye matope. Saa moja kamili Mwinjuma akatupa mshipi, na Bwana Saa akainamia saa yake. Kwa zaidi ya saa moja na nusu hapakuwa na la kusimulia. Maji yalikuwa yanajaa taratibu, Mwinjuma ameegemea shavu vizuri kabisa, na Fransis akaanza kuamini kwamba Mungu anamjua kwa jina.

Dakika ya mia na saba, mshipi ukakazika.

Haukukazika kama kwa changu au tasi. Ulikwenda wenyewe, ukavuma, na mkono wa Mwinjuma ukaenda nao. Wavuvi wote waliokuwa pale wakasimama kwa pamoja. Mgongo ulionekana mara moja juu ya maji, mpana, wa rangi ya fedha. Alikuwa kolekole wa kubebwa na watu wawili, samaki ambaye mtu humpata mara moja maishani akasimulia hadi wajukuu wamkimbie. Mwinjuma alimwona. Uso wake ulisahau mazoezi yote.

Fransis alikohoa. Mwinjuma akakumbuka, akapiga mwayo mkubwa, huku mshipi ukimkata vidole na damu ikidondoka juu ya jiwe. Bwana Saa, ambaye macho yake hayakuondoka kwenye saa isipokuwa kidogo tu, aliuliza kwa Kiswahili chake cha ofisini kwa nini mtu huyu anakwenda upande wa bahari.

"Ni dalili, Bwana," akasema Fransis. "Mvuvi akikaribia kukinai huteleza."

Bwana Saa akaandika kwamba huteleza. Dakika ya mia na kumi Mwinjuma alikuwa maji ya magotini. Dakika ya mia na kumi na moja Tabu, aliyesimama nyuma ya umati, alianza kuomba dua kwa sauti, wala hakuna aliyejua anaomba samaki apatikane au akatike. Fransis hakuweza tena kutazama. Alijua kwamba kwa dakika mbili zilizobaki mtu yule anashika samaki kwa mkono mmoja na Eufrazia kwa mkono wa pili, na hakuwa na haki ya kumwomba lolote. Mtu gani atamwambia mvuvi amwachie samaki kama yule? Alitaka kusema basi, vuta, kazi zipo nyingi duniani. Mdomo haukufunguka. Hilo lilimtia haya kuliko boflo zote ishirini.

"Mia na kumi na tatu," akasema Bwana Saa.

Mwinjuma alimgeukia Fransis. Alimtazama kwa muda wa pumzi moja, akachomoa kisu kiunoni, akaukata mshipi.

"Nimekinai," akasema.

Ufukwe mzima ukaguna kama watu wa msibani. Tarishi akazungusha mkono wa gramafoni, tarumbeta za Kizungu zikaanza kulia juu ya maji ambayo sasa hayakuwa na kitu. Bwana Saa akauliza kama furaha imerudi. Mwinjuma, amesimama majini na vidole vinavyovuja damu, machozi yanamtiririka hadi ndevuni, akajibu kwamba inarudi, Bwana, inarudi. Bwana Saa akaandika kwamba mvuvi alilia kwa furaha. Kisha akaiweka karatasi ya Fransis juu ya sanduku la gramafoni, akasaini, akamshika mkono, akatazama saa, akaenda zake.

Watu walitawanyika. Fransis alibaki na karatasi yenye wino mbichi, akaingia majini na viatu vyake akamfunga Mwinjuma vidole kwa leso. Alimwambia maji bado yanajaa, pengine atupe tena, pengine yule samaki yuko karibu. Mwinjuma akatikisa kichwa, akajikunjia mshipi uliobaki. Kwa mara ya kwanza tangu Fransis amjue, alitaka kwenda nyumbani mapema.

Walipanda njia pamoja. Tabu alikuwa ametangulia, amewasha moto, chungu kiko tayari, kwa sababu toka kule nyuma ya umati alikuwa ameuona ule mgongo wa fedha na hakuona kisu. Alilipokea kapu, akaliona jepesi, akalifunua. Akamwuliza mumewe samaki yuko wapi, na kama hakumpata, basi amevua nini leo.

"Nimevua Mnyamwezi," akasema Mwinjuma. "Mke wa huyu. Bado yuko Tabora, atakuja na gari moshi, na mtoto juu."

Tabu alitazama kapu tupu, akamtazama Fransis aliyekuwa amesimama mlangoni na viatu vinavyochuruzika. Kisha akamwambia aingie ndani asisimame kama mgeni, akaenda kuvunja nazi ya kuungia kunde.