Leseni ya Luton

Nuala alimkuta Malachy Considine chini ya bawa la ndege, tochi mdomoni, anakaza skrubu. Akamwonyesha bahasha iliyorudishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, Dublin.

"Umewatumia kopi, Malachy. Wanataka leseni yenyewe."

Malachy alitoa tochi, akaipangusa kwenye ovaroli bila haraka, akasema alidhani kopi ingetosha. Mtu mzima, na uongo hajui. Nuala, msimamizi wake kwa miaka tisa, alimtilia bahasha mfukoni mwa ovaroli.

Mwisho wa Desemba hiyo kipindi cha mpito cha Waingereza kutoka Umoja wa Ulaya kilikuwa kinaisha, na leseni za ufundi wa ndege walizotoa hazingetambulika tena katika karakana za Ireland. Mafundi kumi na mmoja wa pale uwanja wa ndege wa Shannon walikuwa wameshabadilisha zao kwa za Ireland. Alikuwa amebaki Malachy, na yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kutia sahihi kwamba ndege za mapangaboi ziko tayari kuruka. Bila yeye, ndege hizo zingepelekwa kutengenezwa nchi nyingine, naye angebaki kuwapokeza wenzake spana.

Yote hayo aliyajua. Lakini leseni ile aliipata Luton, Uingereza, akiwa na miaka ishirini na miwili, enzi ambazo kijana kutoka Clare, magharibi mwa Ireland, akishuka tu huko alipewa sepeto bila kuulizwa anajua nini. Alichimba mitaro mchana, akasoma jioni. Alifeli mara mbili, na wenzake wakamcheka mpaka wakachoka. Mara ya tatu akafaulu, na leseni hiyo ndiyo iliyomrudisha nyumbani.

"Ijumaa ndiyo mwisho," Nuala alisema. "Kesho panda treni, uwape mkononi. Na nikisikia umeshukia njiani, nakufuata mwenyewe."

Asubuhi alimpeleka stesheni ya Limerick kwa gari lake, akampa mkate wenye nyama ya nguruwe na chupa ya chai, akasubiri mpaka treni ilipoondoka. Alimpenda mzee huyu, ila kumwamini siku hiyo hakuweza.

Huko Dublin, karani wa mamlaka aliyevaa barakoa alinyoosha mkono chini ya kioo. Malachy aliishika leseni upande mmoja, karani upande wa pili, na kwa muda hakuna aliyevuta.

"Mtaifanya nini?" aliuliza.

"Tutawarudishia walioitoa, mzee wangu. Ndiyo utaratibu."

"Inarudi Uingereza?"

"Ndiyo."

Malachy akaiachia. "Basi itangulie. Huko mimi sirudi tena."

Karani alicheka, kisha akaona macho ya mzee. Akagonga mhuri polepole kwenye leseni mpya ya Ireland.

Nje, Malachy alimpigia Nuala simu, akamwambia ampangie ndege ya kutengeneza Jumatatu ya kwanza ya mwaka mpya. Nuala alikuwa bado anamjibu ndege ya mapangaboi ilipopita juu ya mto Liffey. Malachy alishusha simu, akasimama katikati ya wapita njia, kichwa juu, akiusikiliza mlio wake mpaka ukapotelea mawinguni.