Somo la Kumeza

Baba mdogo Callixte alinipigia simu nikiwa chuoni, hata salamu hakumaliza. "Aurélie, rudi Katumba. Baba yako kapooza upande mmoja na mdomo umefungwa. Wewe si ndo unasomea kufungua midomo ya watu? Njoo umfungue."

Kumfungua! Kana kwamba ni mlango wa stoo. Nimechoka kuwaeleza watu wa kwetu ninasoma nini. Ninasomea tiba ya usemi, na huwi mtaalamu kwa kuitwa mtaalamu. Unamaliza shahada ya kwanza, wanakuambia haitoshi, kasome kwanza ubongo, sikio na koo. Ndipo uingie uzamili, na huko nako unakaa na wagonjwa miezi na miezi huku msimamizi kasimama nyuma yako, anatazama hata unavyoshika kijiko. Ukifaulu upande wa kusema, unapelekwa upande wa kumeza, maana koo ni lile lile. Halafu utafiti, halafu mtihani, halafu leseni. Mimi nilikuwa katikati ya safari hiyo. Kumeza nilikuwa nimekusoma darasani tu. Kwa mgonjwa nilikuwa nimetazama wenzangu wakifanya.

Nikaenda hivyo hivyo, ningefanyaje? Ni baba.

Nilimkuta amekalishwa uani, mito pande zote mbili. Mzee Arcade, mtu ambaye siku ya soko la tumbaku sauti yake ilisikika mpaka barabarani, aliniona akatoa mlio tu, "Mmm," na uso ukalia upande mmoja. Nilimkumbatia nikalia naye, sioni aibu kusema. Mama akaja na kikombe cha maji, maana jua lilikuwa kali, akamnywesha.

"Unaona?" alisema mama kwa furaha. "Hapaliwi. Alivyotoka hospitali alikuwa anakohoa kila akinywa, sasa kaacha kabisa. Mungu mwema."

Baba hakukohoa, ni kweli, lakini macho yalimjaa machozi, na alipotoa tena ule mlio wake ulikuwa na majimaji, kama mtu anayesukutua. Nikagusa shingo yake, ilikuwa ya moto. Darasani tulifundishwa hivi: koo likipoteza ulinzi wake, maji yanaingia kifuani kimya kimya. Mgonjwa hapaliwi kwa sababu hana tena cha kumstua. Nyumbani wanashangilia, yeye anazama akiwa amekaa kitini.

Nikampigia msimamizi wangu, Dokta Marsela. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Inawezekana uko sahihi," alisema. "Lakini wewe ni mwanafunzi, Aurélie, na huyo ni baba yako. Usimpime, usimtibu. Mrudisheni hospitali. Ukimgusa kitaalamu bila msimamizi, chuo hakitakutetea, na mimi sitakutetea."

Hospitali ya mjini ilikuwa imeshaagiza apewe uji mzito kwa kijiko, akiwa wima. Nikamwambia mama tufuate hayo na kesho yake tumrudishe wamwangalie kifua. Mama akaitikia, ila macho yake yalikimbilia jikoni. Nikaenda kutazama. Kwenye kona kulikuwa na mtungi mkubwa umefunikwa jani la mgomba, na ndani yake impeke, pombe yetu ya mtama, ilikuwa inatokota povu pole pole bila moto.

"Ya nini hii, mama?"

"Ya baba yako. Kesho baada ya misa anausia."

Loo! Kwetu, tuliokuja na wazee kutoka Burundi, mkubwa wa nyumba akiona nguvu zinamwisha anaita ndugu na kugawa mali kwa mdomo wake. Kwanza anaonja impeke kwa mrija, kisha wakubwa wanapokea mrija ule ule, ndipo anasema. Neno lililotangulia pombe halihesabiki. Baba mdogo Callixte hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme. Alikuwa na hofu. Pale pale Katumba ameona ndugu wa tumbo moja wakishikiana mapanga kwa sababu mzee wao alikufa kimya.

"Akionja, ulimi utalegea," aliniambia. "Wazee wameona hivyo."

"Akionja anakufa, baba mdogo."

"Acha uchuro, wewe mtoto."

Kesho yake watu walijaa uani. Walimvika baba koti lake la harusi, wakauleta mtungi mbele ya magoti yake. Nikasimama nikawaeleza yote: koo, kifua, homa. Kwa muda nikaona baadhi yao wananielewa. Shangazi mmoja hata alisema, "Jamani, si tumsikilize?"

Baba mdogo akainuka taratibu. "Aurélie, mwanangu, nikuulize mbele ya hawa. Huko chuoni wameshakupitisha kumwangalia mgonjwa wa kumeza? Jibu tu."

Uongo ulikuwa mdomoni tayari. Neno moja, na mtungi ungerudi jikoni. Lakini nilifundishwa kwamba ukidai ujuzi ambao hujapitishwa, siku moja utaua mtu.

"Bado," nilisema.

Uani kukalipuka kicheko. "Bado!" alirudia mzee mmoja, akijipiga paja. "Daktari wa bado!"

Mrija ukaletwa. Na baba, baba yangu mwenyewe, akanyoosha mkono wake mzima kuupokea. Alikuwa na kiu, alikuwa anataka kusema na watu wake, nani asingetaka? Mrija ukagusa mdomo wake. Nikaona koo linajiandaa.

Nikapiga mtungi teke.

Sikupiga kama mwanafunzi wa mtu. Nilipiga kama mtoto wa Arcade. Mtungi ulipasuka, impeke ikatapakaa kwenye miguu ya wazee. Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Kabla mtu yeyote hajainuka, baba akafungua mdomo.

"Toka!"

Wazi kabisa, sauti ile ya soko la tumbaku. Shangazi alianza kupiga kigelegele akakikatisha katikati.

"Amesema," alisema baba mdogo, midomo inamcheza. "Mrija ulishagusa mdomo. Neno limehesabika."

"Si neno lake!" nilipiga kelele. "Ubongo ukiumia, neno moja linaweza kubaki limenasa. Likatoka lenyewe, hata mtu akitaka kusema kingine! Muulizeni jina lake mtaona!"

"Hilo nalo umeshapitishwa?"

"Ndiyo! Hilo nimepitishwa!"

Wakacheka tena, safari hii bila furaha. "Hatumpimi mkubwa kama mtoto wa chekechea," alisema mzee wa paja. "Baba yako amekufukuza na sisi tumesikia. Chukua begi lako."

Nikamgeukia mama. Alikuwa amepiga magoti anamfuta baba mdomo kwa kanga. "Unataka maji, mume wangu?" alimnong'oneza. "Toka," alijibu baba kwa upole. Mama aliniangalia, na nikajua ameelewa. Halafu akainamisha kichwa, akaendelea kufuta.

Nani angempa uji mzito? Nani angemweka wima, nani angempeleka hospitali? Niliwaza hayo nikitoka na begi. Nikapita kwa baba kumuaga. Akanidaka mkono. Nguvu zake zote zilizobaki zilikuwa kwenye mkono ule wa kushoto, aliniumiza. Machozi yalimtiririka, akanivuta kifuani kwake nikasikia pumzi inavyokoroma humo ndani.

"Toka," aliniambia sikioni, akinibembeleza. "Toka, toka, toka." Hakuniachia.

Baba mdogo Callixte akaja, akaanza kuvibandua vidole vya baba kwenye mkono wangu, kimoja kimoja, huku akimwambia mama aloweke mtama mwingine.