Aliyefuatwa na Kompyuta

Kwenye bendi ile mpiga drams aliitwa Injini, na jina hakupewa bure. Walipiga muziki usio na mwisho uliopangwa: gitaa linatangatanga, kinanda kinajibu, na chini yake kompyuta inadunda midundo ya disko. Bendi nyingine za namna hiyo huifuata kompyuta kama kondoo. Kwao ilikuwa kinyume. Kidude kilichobandikwa kwenye ngoma kubwa kilisikiliza mguu wa Injini. Akikaza mwendo, kompyuta nayo inakaza. Alijivunia jambo hilo kuliko watoto wake, na mkewe alishamwambia hivyo usoni.

Alasiri moja, wakijaribu vyombo ukumbini, mkono wake wa kushoto ukafa ganzi. Ulikuwa ukimsumbua mwaka mzima, naye akiuficha mfukoni kama mwizi. Akapitwa na mapigo mawili. Kompyuta haikumsubiri.

Akadhani amesikia vibaya. Akapunguza mwendo makusudi, akaburuta mguu kama anayesindikiza jeneza. Kompyuta ikaenda zake. Mpiga gitaa akainamia viatu vyake, akawa hamalizi kuvitazama.

Injini akachungulia. Waya wa kile kidude ulikuwa umechomolewa, umekunjwa vizuri nyuma ya ngoma, una vumbi.

Aliyeshika kompyuta alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Injini mwenyewe alimfundisha kuhesabu mapigo kwa vijiko vya jikoni.

"Tangu lini?"

Mdogo wake akazima sauti. Akaeleza kwamba mwendo ulikuwa unayumba, watu wanaacha kucheza, na kila mmoja aliogopa kumwambia.

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu tulipomzika mama, kaka."

Injini akarudi nyuma kwa mawazo. Onyesho lake bora kuliko yote, lile la kiwandani, lilikuja baada ya msiba. Alipiga saa nzima bila kupumua, akawapandisha watu akawashusha, wakambeba juu juu. Alirudi nyumbani akilia, akamwambia mkewe laiti mama angeona. Na mdogo wake, akijua waya umechomolewa, alikuwa miongoni mwa waliombeba.

Kikulacho ki nguoni mwako, ila huyu alimla kwa huruma, na hilo lilimuuma zaidi.

Mdogo wake akapiga magoti, akaushika ule waya auchomeke.

"Uache," Injini akasema. "Wataacha kucheza."

Akaokota vijiti, akasubiri kompyuta ianze, akaifuata.