Ngowa Hakuja Kuzika

Kila asubuhi, mahamri yangu hayajaiva hata upande mmoja, mume wangu Ngowa anahukumiwa upya kwenye benchi langu. Hakimu ni Mwambire, fundi wa baiskeli, mtu asiyeweza kuziba pancha bila kufufua maiti. Maiti yenyewe ni mzee Ziro, aliyekatwa mapanga shambani kwake hapa Sabaki mwaka ule mto ulipofurika. Walisema ni mchawi, kisa mvi.

"Mahakama ilimwachilia Ngowa kwa kukosa ushahidi," Mwambire akasema leo, anachovya hamri langu kwenye chai yangu. "Kukosa ushahidi si kukosa kosa."

"Lakini amuue kwa nini?" akauliza Njoroge mwenye duka, ambaye ametoka bara juzi juzi na ana haki ya kuuliza.

"Hilo sijui. Najua hakuja kuzika. Kijiji kizima tulitia mchanga, yeye jirani akajifungia ndani. Lisemwalo lipo."

"Kama halipo laja," nikamwambia. "Na wewe litakujia, endelea tu."

Jamani, jambo hili nimelieleza mpaka ulimi umeota sugu. Kwetu, mwanamume ambaye mkewe ana mimba changa hasogelei kaburi, na mimba changa haitangazwi. Mimba ilikuwa yangu, ya kwanza. Ngowa alibaki ndani kumlinda mwanawe, akafunga mdomo. Polisi walipomchukua nilisema kweli mbele ya watu wote, lakini kwa hofu ile mimba ilikuwa imeshatoka. Wakaniuliza tumbo liko wapi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alipoachiliwa, kina mama wakawa wanaita watoto wao ndani kila akipita. Hakustahimili. Akaenda Ngomeni kuvua, akaapa harudi mpaka jina lake lisafike. Nami nikaapa sihami, maana mke akihama watasema hata yeye anajua. Ngomeni si Ulaya. Yeye hutuma ng'onda, samaki wake wa kukausha, mimi hutuma mahamri, tunajuliana hali kwa simu kama mashemeji. Namtamani mume wangu, nasema bila haya. Natamani kikohozi chake cha alfajiri, natamani hata ugomvi wake juu ya chumvi. Mpaka leo nalala upande mmoja wa kitanda.

Mwambire hajamaliza kikombe, akaja Kache, binti wa marehemu Ziro, kichwa kimenyolewa kwa matanga ya mamake waliyemzika juzi. Tangu msiba ule wa baba yake hajanunua kwangu hata hamri moja.

"Shikamoo, dada Kahaso."

"Marahaba."

Hakukaa. Akasema hivyo hivyo amesimama, mbele ya benchi zima, "Ngowa hakumuua baba. Ni kaka yangu Kahindi. Panga nililiosha mimi."

Mwambire akaweka kikombe chini. "Na mbona hukusema?"

"Mama alinikataza. Alisema mume ameshakwenda, nisimwondolee na mwana. Sasa Kahindi hayupo duniani, na mama naye hayupo." Akanigeukia mimi. "Mwambie arudi, dada. Nitampeleka kaburini mwenyewe, atie mchanga wake."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya lolote, mkono ulikuwa umeshashika simu. Nikamsimulia Ngowa yote, kwa sauti ya juu ili Mwambire asikie vizuri.

Nyuma yake nilisikia watu wakibishania bei ya samaki.

"Umenisikia? Jina lako limesafika. Njoo nyumbani."

"Nimesikia," akasema. "Kahaso, wewe ulijua siku zote kwamba sikuua?"

"Nilijua. Si ndiyo sababu nimekaa hapa, natetea jina lako?"

"Jina umelitetea, ahsante. Lakini mimi nilikuwa huku. Kila gari likisimama nilikuwa natazama kama utashuka."

Nikampa Kache mwiko wangu, nikamwambia aangalie mafuta yasiungue. Kisha nikajifunga leso vizuri, nikaenda steji kutafuta gari la Ngomeni.